Msituletee wati elfu kumi, tuleteeni sauti inayosikika

Safari hii hatuandiki juu ya vitambulisho wala karo za shule. Tunaandika juu ya mashine ya muziki. Usipite kwanza, subiri, maana kuna karatasi iko njiani kusainiwa na ndani yake kuna pesa ambazo zinaitwa pesa zetu.

Karatasi hiyo ni orodha ya vifaa vya kituo cha vijana. Shirika moja limekubali kutununulia viti, televisheni, mipira, na chombo cha sauti kwa ajili ya filamu za Jumamosi, midahalo na mafunzo. Tunashukuru, na siyo kwa mdomo tu. Lakini mstari wa saba wa orodha umeandikwa: homu thieta moja, wati 10,000. Basi. Hausemi volti ngapi, hausemi spika za aina gani, hausemi itatumia umeme upi. Sisi tunasema mstari huo ubadilishwe kabla ya sahihi kuwekwa. Tunaeleza kwa nini, kwa vijana wenzetu na kwa kaka na dada zetu wa mashirika ambao ndio watakwenda dukani.

Tuanze na hiyo namba. Elfu kumi hizo ni za PMPO. Herufi hizo utaziona kwenye boksi, pembeni ya picha ya spika inayotoa moto. PMPO haina kipimo ambacho watengenezaji wote wamekubaliana. Huyu anachukua kilele cha kufumba na kufumbua, yule anajumlisha spika zote kisha anazidisha na namba aliyoipenda. Wati za kweli ni zile ambazo mashine inaweza kutoa mfululizo bila sauti kupasuka, na kwenye karatasi za vifaa huandikwa RMS. Huko Marekani mambo haya ya kutia chumvi kwenye wati yalizidi mpaka tume yao ya biashara, FTC, ikaweka kanuni mwaka 1974 kwamba anayetangaza nguvu za ampli ya nyumbani lazima aseme kaipima vipi. Dukani kwetu kanuni hiyo utaitembeza mwenyewe kichwani.

Kama huamini, geuza mashine usome kibandiko cha mgongoni. Hapo wameandika volti, hezi, na wati inazokula. Ukikuta mgongoni inakula wati 60 na usoni inatoa wati 10,000, jiulize hizo 9,940 zinatoka wapi. Hata ng'ombe wa hapa Isingiro, pamoja na pembe zake zote, hatoi maziwa asiyoyalia majani. Ni kweli kwamba hata kwenye mashine za heshima kibandiko huandika matumizi ya kawaida, siyo ya kilele, kwa hiyo namba mbili hizo hazilingani sawasawa. Lakini hapo tofauti ni mara mbili, mara tatu. Haiwi mara mia na kitu.

Na kampuni kubwa nazo zina ujanja wao, ila wao angalau wanauandika. Chukua Sony STR-DH590, risiva ya bei ya chini iliyotoka mwaka 2018. Utaiona inatangazwa wati 145 kwa kila spika. Soma maandishi madogo: hiyo ni spika moja tu ikifanya kazi, kwa sauti ya hezi 1,000 peke yake, uharibifu wa asilimia 0.9. Ukiipima spika mbili kwa pamoja, kuanzia besi ya chini hadi juu kabisa ambako sikio linafika, inarudi wati 90. Namba zote mbili ni za kweli. Moja imepimwa mashine ikiwa imepumzika, nyingine imepimwa ikiwa kazini. Sisi tunataka ya kazini, na hizo wati 90, hata 50, zinatosha ukumbi wetu na kubaki.

Mtu atasema, wati 50? Si ni za redio ya mama? Hapana. Sikio halihesabu kama mkono. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo unaisikia lakini haikushtui. Ili sauti ionekane imekua mara mbili masikioni unahitaji wati mara kumi hivi. Sasa angalia upande wa spika, maana huko ndiko pesa inakoponea. Kila spika ya kweli ina namba yake ya wepesi, inaonyesha inatoa desibeli ngapi ukiipa wati moja na kukaa mita moja mbele yake. Kuna spika za 87, kuna za 93. Tofauti hiyo ya 6 maana yake ile ya 93 ikipewa wati 25 inalia sawa na ile ya 87 ikipewa wati 100. Yaani kwa kuchagua spika unaweza kuokoa robo tatu ya ampli. Hili hakuna boksi linalolisema, kwa sababu haliuzi.

Sasa tukumbushane yaliyotokea. Mwaka juzi tuliletewa seti ya sauti na wafadhili wengine. Ilikuja na spika tano ndogo, sabufa moja, taa za rangi saba zinazozunguka, na kibandiko cha nembo kikubwa kuliko spika zenyewe. Picha zilipigwa, hotuba zikatolewa. Mwezi wa kwanza tulicheza. Mwezi wa pili spika ya mbele ikaanza kukwaruza kama mtu anayetafuna mchanga. Mwezi wa tatu moshi. Fundi wetu alipofungua alikuta transfoma ndogo unayoweza kuificha kiganjani, kipande kimoja cha saketi chenye jina lililokwanguliwa, na nafasi tupu kubwa. Akasema hakuna cha kutengeneza hapo, hata jina la kifaa cha kubadilisha halipo. Seti hiyo bado iko stoo, kwenye rejista ya vifaa imeandikwa "ipo". Kwa hiyo kwenye ripoti ya mtu fulani kituo chetu kina sauti.

Ndiyo maana hatutaki homu thieta ya boksi. Tunataka risiva. Tueleweshane: siyo ile ya king'amuzi cha televisheni. Risiva hii ni ampli yenye akili kidogo, inapokea sauti kutoka televisheni, simu, flashi au maikrofoni kupitia mikisa, inaigawa na kuisukuma kwenye spika ambazo umechagua wewe mwenyewe. (Wenzetu wa Uvira na Bujumbura mnaita bafle, ni kitu kile kile.) Faida yake ni kwamba kila kitu kimetengana. Spika ikifa unabadilisha spika. Ampli ikifa spika zinabaki. Kwenye boksi kimoja kikifa vyote vinakwenda kwenye rejista.

Na risiva yenyewe tunataka kuukuu. Hapa ndipo tunapogombana na watu wa manunuzi, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Risiva huzeeka kwa upande wa picha, siyo kwa upande wa sauti. Mwenye pesa huko nje anauza risiva yake kwa sababu haipitishi picha za 4K, au haina HDMI kabisa, au haijui mitindo mipya ya spika za kwenye dari. Ampli iliyoko ndani haijapungua hata wati moja. Ndiyo maana Yamaha, Denon, Onkyo au Pioneer ya miaka kumi na tano iliyopita, yenye transfoma nzito ya kweli, utaikuta kwenye maduka ya vifaa kuukuu kwa bei ya boksi jipya la taa za rangi au chini yake. Picha sisi tunaipeleka moja kwa moja kwenye televisheni. Kutoka televisheni hadi risiva tunapitisha waya wa optiki, ule unaotoa mwanga mwekundu kwenye ncha, ambao televisheni nyingi na risiva nyingi za zamani wanao. Kama sauti haitoki, unaingia kwenye mpangilio wa sauti wa televisheni unaweka PCM, inakubali. Ukipata risiva yenye HDMI iliyoandikwa ARC ni vizuri zaidi, waya mmoja unamaliza kazi. ARC ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo usiitafute kwenye mashine za kabla ya hapo, na usikubali muuzaji akwambie ipo.

Halafu kuna fundi. Risiva za aina hii zimejengwa kwa transista, rilei na kapasita ambazo fundi wa Katwe anazijua kwa kuzigusa, na michoro yake mingi inapatikana kwenye intaneti. Kutengenezeka ni sehemu ya bei. Mashine ya laki nne inayotengenezeka mara tatu ni rahisi kuliko ya laki tatu inayokufa mara moja, na hili kila mama anayenunua sufuria sokoni analijua. Ajabu ni kwamba likifika ofisini linapotea.

Tunajua kuna swali linawawasha wengine kooni. Chakula kimepunguzwa, mnaongelea spika? Tangu 2023 mgao wa wakimbizi hapa Uganda unagawanywa kwa makundi ya uhitaji, na kuna familia zetu ziliwekwa kundi lisilopata kitu. Sisi ndio tunaoishi humo, hatuhitaji kukumbushwa. Lakini pesa hii imetengwa kwa kituo, haitageuka kuwa mahindi hata tukilia. Itageuka kuwa sauti au itageuka kuwa moshi. Na tena, kijana ambaye mchana kakosa kibarua, jioni anahitaji mahali pa kukaa na wenzake pasipo na pombe. Asipokuja kituoni tunajua anakokwenda.

Tena sauti kwetu siyo anasa, ndiyo lugha yenyewe. Kwenye ukumbi mmoja hapa utakuta Mbembe, Mfulero, Mnyabwisha, Mrundi, Msomali, na wenyeji wetu Wanyankole. Maandishi ya chini ya filamu wengi hawayafikii, ama kwa kasi ama kwa sababu shule ilikatika njiani. Wanafuata sauti. Filamu zetu zinakuja na mfasiri juu yake, VJ Jingo wa hapa Uganda au DJ Afro wa Kenya, mtu mmoja anayebeba hadithi nzima kooni. Ukipoteza sauti ya yule mtu umepoteza filamu. Vivyo hivyo siku ya mafunzo ya afya: video ikisema dawa inywewe mara mbili kwa siku na ukumbi ukasikia "mara... kwa siku", hapo tumefanya nini?

Na hapa kuna jambo la kiufundi linalowapata wengi. Filamu iliyorekodiwa kwa mpangilio wa 5.1 huweka mazungumzo karibu yote kwenye spika ya katikati. Pembeni ni muziki na magari, nyuma ni mvua na risasi. Sasa mtu anaunganisha spika mbili za pembeni, risiva inaamini ya katikati ipo, inapeleka maneno kwenye tundu lisilo na kitu. Matokeo: mabomu unayasikia hadi kwa jirani, watu wakiongea kimya. Wanalaumu filamu. Dawa ni kuingia kwenye mpangilio wa spika na kuiambia risiva kwamba ya katikati haipo, basi maneno yatagawanywa kulia na kushoto. Au bora zaidi, nunua spika nzuri ya katikati, uiweke chini ya televisheni ikitazama nyuso za watu na siyo magoti yao.

Kwa hiyo msimamo wetu ni spika tatu nzuri badala ya tano mbovu. Mbili za pembeni, moja ya katikati. Zile za nyuma zimebuniwa kwa familia ya watu wanne kwenye kochi moja. Sisi tuna mabenchi kumi na mbili, na aliyekaa benchi la mwisho spika ya nyuma inampigia sikioni mpaka hasikii ya mbele. Sabufa nayo ingoje. Tunajua vijana wengi mtatuchukia kwa sentensi hiyo. Besi nyingi kwenye ukumbi wa mabati inatikisa mabati yenyewe, na mabati yakianza kuimba hakuna mfasiri atakayesikika. Zaidi ya hapo kuna wazee na watoto wachanga wanalala mita ishirini kutoka ukutani. Sauti safi haihitaji kuwa kubwa, na jirani ambaye hajaudhika hatuandikii barua ya malalamiko kwa kamanda wa kambi.

Ukumbi wenyewe pia unazungumza. Ukuta mtupu na sakafu ya saruji vinarudisha sauti, neno moja linakuja mara tatu. Tundika blanketi nzito au mikeka ukuta wa nyuma, acha nafasi ya vidole vinne kati ya blanketi na ukuta, utashangaa. Trei za mayai ambazo watu wanagandisha ukutani studio hazifanyi kazi kubwa, ni karatasi tu. Zinapendeza kwenye video ya muziki.

Tuje kwenye umeme. Tunaomba watu wa mashirika wasome aya hii polepole, maana vifaa vingi vya msaada vimekufa kwa umeme kuliko kwa kuchezewa na vijana. Mashine iliyotoka Marekani inakula volti 120, ya Japani 100. Hapa ni 240. Ukichomeka moja kwa moja, umeshaaga. Baadhi zina swichi ya kubadilisha mgongoni, nyingi hazina. Ipo transfoma ya kushusha, lakini nzito, na siku moja mtu asiyejua atachomoa aweke moja kwa moja. Sisi tunasema usinunue kabisa. Tafuta iliyoandikwa 220-240V, tena mgongoni, siyo mdomoni mwa muuzaji.

Kwa wenzetu ambao hamna umeme wa waya, mnaotegemea sola, ushauri unabadilika. Risiva hizi kubwa zinakula wati 40 hadi 60 hata zikiwa zimekaa tu, kwa sababu ya namna ampli zake zilivyojengwa. Pigeni hesabu na sisi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi usiishushe chini ya nusu, basi una 600. Televisheni ya wati 60 na risiva ya wati 60 ni 120, inveta nayo inapoteza kidogo, weka 140. Inakupa saa nne na robo, filamu mbili. Sasa badala ya risiva weka ampli ndogo ya aina inayoitwa daraja D, inayokula volti 12 moja kwa moja kutoka betri bila inveta. Aina hiyo inageuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa sauti, na kwa ukumbi mdogo itakula kama wati 15. Televisheni na inveta yake 70, jumla 85. Betri ile ile inafika saa saba. Ina spika mbili tu na haina akili ya 5.1, lakini mngependa akili gani kwenye giza? Kwenye televisheni wekeni sauti ya stirio, maneno yatakuwepo yote.

Na mwenye inveta ya bei rahisi, ile ambayo wimbi lake la umeme ni la ngazi ngazi, ajue kwamba atasikia mlio wa "mmmm" kwenye spika. Mashine haijaharibika. Ni chakula unachoilisha.

Dukani sasa. Iwe Mbarara, Kampala, Luthuli Avenue pale Nairobi au Kariakoo, mtindo ni mmoja. Usikubali kupimiwa kwa wimbo wa muuzaji. Wimbo wake ameuchagua kwa sababu unaficha. Beba flashi yako yenye vitu viwili: wimbo unaoujua mpaka pumzi ya mwimbaji, na mtu anaongea, hata mahubiri au habari za redio. Anza na mtu anayeongea, tena sauti ikiwa chini kabisa. Ukimsikia vizuri chini, mashine ni nzima. Halafu ondoa kila kitu, pandisha sauti bila kupiga chochote, sikiliza kama kuna mvumo. Zungusha kitasa polepole. Ikikwaruza kidogo ni vumbi, fundi atasafisha, ikikatika upande mmoja punguza bei au ondoka. Jaribu spika moja kwenye kila tundu, siyo mbili za mbele tu. Iache iwake nusu saa wakati mnabishana bei, kisha weka mkono juu: joto sawa, kuchoma hapana. Ikizima yenyewe na kuandika "protect", mwambie asante kaka, tutarudi. Na unuse. Harufu ya plastiki iliyoungua haiondoki miaka.

Omu nazo ziangaliwe. Spika nyingi za nyumbani ni omu 8 au 6. Ukifunga mbili za omu 8 kwenye tundu moja sambamba zinakuwa 4, ukifunga nne zinakuwa 2, na hapo risiva inalazimishwa kutoa umeme ambao haikuumbiwa. Harusi nyingi zimezima muziki saa tatu usiku kwa sababu hiyo, watu wakamlaumu mchawi.

Waya usiudharau. Mita kumi na tano kutoka meza hadi spika zinahitaji waya mnene, milimita 2.5, wa shaba. Siku hizi kuna alumini iliyopakwa shaba juu, inang'aa kuliko shaba yenyewe. Kwangua kwa kisu. Ndani ikiwa nyeupe, siyo.

Kwenu mlioko ofisini. Tunazijua sheria zenu: ankara tatu za bei, risiti, kitu kiwe kipya na dhamana. Sheria hizo ziliwekwa kuzuia wizi na sisi hatuzipingi. Lakini angalieni zinavyofanya kazi kwa kitu hiki. Maduka matatu yataleta bei za maboksi matatu ya wati elfu kumi, ya chini itashinda, dhamana itakuwa ya duka lililoko safari ya siku nzima kutoka hapa, na hakuna kijana mwenye nauli ya kurudisha mashine Kampala ili aambiwe imepigwa na radi. Kila sheria imefuatwa na ukumbi ni kimya. Kama kitu kuukuu hakiruhusiwi kabisa, basi nunueni kipya lakini cha maana: ampli ya stirio ya chaneli mbili yenye wati 40 au 50 za RMS, na spika mbili za wepesi wa 90 kwenda juu. Itagharimu zaidi ya boksi. Ondoeni taa za rangi, ondoeni spika za nyuma, ondoeni kibandiko cha nembo, mtaipata humo humo.

Na mtupe nafasi dukani. Siyo "kushirikishwa" kwa kuitwa siku ya kukabidhiwa tupige makofi. Kikundi chetu kina fundi mmoja aliyesomea umeme Bukavu na dada mmoja anayepiga kinanda kanisani, mwenye masikio ambayo hayadanganyiki. Hao wawili waende na afisa manunuzi, na ile flashi. Nauli yao ni ndogo kuliko gharama ya bango la uzinduzi.

Tumeuandika upya mstari wa saba, tumeupeleka ofisini kwa mkono juzi Jumatano na nakala tunayo. Unasema hivi: Ampli au risiva ya sauti, 220-240V, isiyopungua wati 50 RMS kwa chaneli kwa omu 8, yenye tundu la optiki na la RCA, ijaribiwe dukani na wawakilishi wawili wa vijana. Spika tatu zinazolingana, omu 8, wepesi usiopungua desibeli 90. Waya wa shaba wa 2.5, mita 50. Kilinda-umeme kimoja. Sehemu ya kumi ya pesa ya mstari huu ibaki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, itunzwe na mweka hazina wa kikundi pamoja na afisa wa kituo, sahihi mbili.

Tumeambiwa kikao ni Jumanne ijayo. Seti ya zamani tutaitoa stoo siku hiyo tuibebe hadi mlangoni, ili aliyeandika "ipo" aione.